Mshindi Hutoka Mwisho

Sehemu ya Kumi na Moja

Kiti kitupu! Hapo ndipo tulipoachiana wiki iliyopita, na najua mpo mlionisema vibaya mpaka leo. Msusi amesimama katikati ya saluni yake, chanuo mkononi, anatazama kiti kilicho chini ya draya mbovu, mahali ambapo baba yake hukaa kutwa nzima akichungulia barabarani. Baba hayupo. Droo ya chini imevutwa mpaka mwisho, na zile bandeji za kufungia mikono, zilizolala humo tangu mzee aache ngumi, hazimo.

"Amekwenda wapi?" aliuliza mteja. Kichwa chake kilikuwa kimesukwa nusu, nusu ya pili imesimama wima kama imeshtuka.

Msusi aligeukia barabarani. Alikuwa ameshaona mlango wa kioo uko wazi, na ng'ambo ya barabara ule utepe wa njano wa kuzuia watu umelala chini.

"Mungu wangu. Ameingia Chungu!"

Alitoka mbio na aproni yake kifuani. Mteja alijitazama kwenye kioo, akasita kidogo, kisha naye akatoka vile vile alivyo. Kuna mambo mtu hakubali kusimuliwa.

Uliyejiunga leo, nakupa ya haraka haraka. Chungu ni ule ukumbi wa michezo wa katikati ya mji, wenye paa la mviringo kama chungu kilichofunikwa. Wakubwa walitaka ukumbi wa mikutano, vijana wakataka wa ndondi. Ukajengwa wa ndondi, mikutano ikafanyiwa humo humo. Humo watu walipigana ngumi, wakacheza mpira wa kikapu, wakahitimu masomo, wakachagua warembo na wakanuniana kwa matokeo. Mwaka wa mafuriko nusu ya mji ililala juu ya viti vyake, na kina mama walijifungulia kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. Halafu ukajengwa uwanja mkubwa nje ya mji, wenye mahali pa kuegesha magari, na Chungu kikaachiwa njiwa. Sasa kinabomolewa ili pawe maegesho. Mji mzima ulilalamika, kisha mji mzima ukaendelea na shughuli zake.

Na Kigingi? Kigingi ni baba yake Msusi. Aliitwa hivyo kwa sababu akishasimama katikati ya ulingo, hang'oki. Wenzake walirukaruka, yeye alisimama, akapigwa, akasubiri, halafu akapiga mara moja. Siku hizi ana ugonjwa wa kusahau. Amesahau nyumba, amesahau majirani, siku nyingine humwita binti yake "dada wa nywele" na kumuuliza bei. Ndondi hajasahau hata kidogo.

Na hajamsahau mkewe. Kila siku anauliza, "Mama yako yuko wapi?" Mwanzoni Msusi alimwambia ukweli, kwamba mama amefariki. Kila alipoambiwa, mzee alisikia kwa mara ya kwanza. Magoti yalimwisha nguvu pale pale, akaanguka chini, akalia mpaka sauti ikakauka. Kesho yake akauliza tena. Nani angeweza kuendelea hivyo? Msusi hakuweza. Akabuni jibu moja, na tangu siku hiyo analitoa kila siku huku akisuka.

"Mama ameenda Chungu, baba. Ameenda kuwahi kiti chake, kile cha chini ya saa."

Mzee husikia hivyo, akatabasamu, akatulia. Jibu halikumuumiza mtu. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Msusi alifika kwenye geti la ubomoaji akahema. Ukuta wa mbele wote ulishaondolewa, kwa hiyo aliyesimama barabarani aliuona ukumbi wa ndani wote kama kabati lisilo na milango: majukwaa ya viti kushoto na kulia, sakafu ya mbao katikati, paa juu, na juu kabisa upande wa kushoto ile saa kubwa iliyokufa zamani. Tingatinga lilikuwa limezimwa. Wafanyakazi walikuwa wamekaa kivulini na sahani zao.

"Mmemuona mzee? Mrefu, shati jeupe?"

Dereva wa tingatinga aliacha kutafuna. "Mmoja alipita hapa tulipoanza kula. Alinipa mkono. Nilijua ni mkubwa fulani kaja kukagua."

"Ukamwacha aingie!"

"Dada, alitembea kama mwenye nyumba."

Mhandisi alikuja akikimbia, kofia ngumu kichwani, kipaza sauti cha mkononi kikining'inia begani kwa mkanda wake. Ndicho alichokuwa akikitumia kufukuza wapita njia. Alikuwa kijana mpole, na sasa uso wake umebadilika rangi.

"Nani ameingia ndani?"

"Baba yangu. Niache nipite!"

Alimshika mikono yote miwili. "Hapana. Nisikilize. Unaliona lile boriti la chuma pale kushoto, juu ya saa? Limebakia juu ya nguzo moja, na nguzo imepasuka. Ndiyo maana nimezima mashine. Likianguka hilo, linavuta paa zima. Siwezi kuingiza mtu hata mmoja."

"Basi ingia wewe!"

"Dada, mtu mmoja akitingisha yale majukwaa inatosha. Nimewapigia zimamoto. Wamekwama kwenye foleni, lakini wanakuja."

Kila aliyeishi mjini anajua maana ya zimamoto waliokwama kwenye foleni. Msusi aliketi juu ya tofali. Alikuwa na mikono inayoweza kusuka vichwa vya watu wenye haraka na watu wenye kelele, na leo mikono hiyo haina pa kushika.

Kisha akainuka ghafla.

"Najua alipo. Yuko chumba cha kona nyekundu, chini ya majukwaa ya kulia. Amefunga mikono, amekaa, anasubiri kuitwa."

"Kuitwa na nani?"

Mhandisi alizaliwa ndondi zimeshahama Chungu, hivyo ikabidi afundishwe. Bondia wa Chungu hakutoka chumbani mpaka aitwe. Hata kelele ziwe kubwa vipi, hata mwalimu wake amwambie twende, alikaa juu ya benchi akatazama mlango. Watu walikuwa wakigonga mbao za majukwaa kwa miguu, ukumbi ukitetemeka. Kisha mtangazaji anainua mkono, wote wananyamaza kama maji ya mtungini, na kwenye kimya hicho ndipo jina linaitwa.

"Wiki tatu mashine yenu inanguruma," alisema Msusi. "Kwake yeye ni watu wanagonga mbao. Leo mmezima. Amesikia kimya. Amejua zamu yake imefika, akaja kujiweka tayari."

"Kwa hiyo asipoitwa hatoki?"

"Hatoki mpaka kesho. Lakini nikimwita atatoka."

"Ngoja kwanza, dada, hicho chumba kipo chini ya..."

Hakungoja. Nani angengoja? Alikivuta kile kipaza sauti begani mwa mhandisi, akabonyeza kitufe, akaita kwa maneno aliyoyasikia tangu alipokuwa akibebwa mgongoni.

"Kona nyekundu! Asiyeng'oka! Asiyeyumba! Mwana wa mji huu! Kigingi!"

Sauti iliingia Chungu, ikazunguka chini ya paa, njiwa wakaruka. Wafanyakazi walisimama na sahani zao.

Kisha pale chini ya majukwaa ya kulia, mlango wa chumba ukafunguka.

Alitoka! Shati jeupe, mikono imefungwa bandeji vizuri kuliko alivyoweza kufunga vifungo vya shati lake. Mabega yake, ambayo saluni nzima iliyajua yameinama, yalikuwa yamenyooka. Mteja wa nusu kichwa alipiga vigelegele peke yake barabarani.

"Baba! Huku! Njoo huku!"

Kigingi hakwenda huko. Aliinua mkono kusalimia majukwaa ya kushoto, akainua mwingine kusalimia ya kulia, akatembea polepole mpaka katikati ya sakafu. Ulingo ulishauzwa zamani, lakini mbao zilibaki na alama ya mraba, nyeupe kuliko sakafu nyingine. Aliinama, akapita chini ya kamba zisizokuwepo, akaingia ndani ya mraba, akasimama.

Bondia akiitwa huenda wapi? Huenda ulingoni. Huenda wapi tena?

Msusi aligeuka kumtazama mhandisi, na alichokiona usoni mwake kikamkata maini.

"Nilitaka kukwambia," alisema kijana, sauti imeshuka. "Kile chumba kina zege nene juu yake. Paa zima lingeanguka, yeye angetoka na vumbi tu. Ndipo palikuwa mahali pekee salama mle ndani. Pale aliposimama sasa, ni katikati ya paa."

Kama kuna mwenye maneno ya kumwambia mtu saa hiyo, anipe. Mhandisi alitazama viatu vyake.

"Baba, toka! Rudi chumbani!" Msusi alipiga kelele mpaka kipaza sauti kikalia mluzi. "Baba, ni mimi! Paa linaanguka!"

Mzee aliinamisha kichwa kwa heshima, namna bondia anavyopokea shangwe. Kwake, watu wa nje walikuwa wanashangilia. Alianza kuchezesha mabega, akapiga hewa ngumi moja, mbili, akasubiri mpinzani.

Unga wa kutu ukamwagika kutoka juu, kidogo tu, kama mtu anachuja kitu.

"Mwache," ilisema sauti nyuma yao. "Ukipiga kelele unampa nguvu."

Msusi aliijua sauti hiyo kabla hajageuka. Mji mzima unaijua, maana ndiyo inayouza magazeti pale kwenye kona kila asubuhi. Huenda ndiye aliyekuuzia hili unalosoma. Zamani iliita mabondia wa Chungu. Ni Tarumbeta, mdogo wake Kigingi, yaani baba mdogo wa Msusi, ila ni muda mrefu Msusi hajamwita hivyo.

Wasomaji wa tangu mwanzo mnakijua kisa chao. Pambano la mwisho la Kigingi lilikwisha, majaji wakainua vibendera, na viwili kati ya vitatu vilikuwa vyekundu. Taa za Chungu zilikuwa zikififia na kurudi. Tarumbeta akaona buluu, akatangaza buluu. Na pale Chungu neno la mtangazaji lilikuwa la mwisho, jaji mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kulirudisha. Kigingi, aliyejua ameshinda, akainama akatoka kama aliyeshindwa. Baada ya hapo mdogo alingoja aulizwe, mkubwa akangoja aambiwe, wakangojana hadi ugonjwa ukaja ukakaa katikati yao. Tarumbeta aliuza magazeti hatua chache kutoka saluni na hakuwahi kukanyaga kizingiti chake.

Sasa amesimama pale, mguu wake mmoja mbovu, fimbo mkononi, magazeti ameyatupa barabarani.

"Umekuja kutazama?" Msusi alimuuliza kwa uchungu.

"Nimekuja kumtoa. Umemwita vizuri, mwanangu, lakini umemwita tu. Pambano halijatolewa matokeo. Bondia hatoki ulingoni bila matokeo."

"Basi mtangazie ameshinda, atoke!"

Tarumbeta alitikisa kichwa. "Akishinda ndiyo hatoki kabisa. Umesahau? Mshindi hutoka mwisho."

Msusi alikuwa amesahau, au hakutaka kukumbuka. Zamani mashabiki wa pande mbili walikutana mlangoni wakavunjana meno, mpaka ukawekwa utaratibu. Aliyeshindwa anatoka kwanza, yeye na watu wake, kwa mlango mdogo wa kulia. Mshindi anabaki katikati ya ulingo mpaka mtazamaji wa mwisho aondoke. Utaratibu ule ulishikwa mpaka siku Chungu kilipofungwa.

"Mlango mdogo uko wapi?" mhandisi aliuliza haraka.

"Ule pale. Kulia, karibu na chumba."

"Upande ule ni imara!" Kijana alifufuka. "Akienda mpaka pale, amepona!"

Basi kilichotakiwa kilikuwa wazi. Mtu amtangazie Kigingi kwamba ameshindwa. Tena.

Msusi alikishika kile kipaza sauti, akakileta mdomoni, akakishusha. Alijua nini kilitokea nyumbani baada ya usiku ule wa taa mbovu. Alikuwa mdogo, lakini alimuona baba yake amekaa kitandani na bandeji zake, hataki kuzifungua.

"Siwezi," alisema.

"Nipe mimi," alisema Tarumbeta. "Ni maneno yangu."

Sauti ya mzee huyu haikutetemeka. Ilitoka nzima, ile ile ya zamani, mpaka dereva wa tingatinga akavua kofia bila kujua.

"Mabibi na mabwana! Kwa uamuzi wa majaji, mshindi ni kona ya buluu! Kona nyekundu, Kigingi, ameshindwa!"

Pale katikati, ngumi za Kigingi zilishuka. Mabega yakarudi yalivyokuwa saluni. Alibaki amesimama kidogo, kama anayetafuta aliyesema. Kisha akainama, akapita chini ya kamba zile zisizokuwepo, akaanza kutembea kwenda mlango mdogo.

"Anakwenda," alinong'ona mteja. "Jamani, anakwenda."

Alikwenda. Mbao zililia chini ya viatu vyake. Msusi aliuma kidole chake mwenyewe. Mhandisi alikuwa akisogeza midomo, labda anahesabu, labda anaomba. Mzee alifika karibu na mlango, akanyoosha mkono kuushika, na Tarumbeta akafumba macho kwa shukrani.

Mkono haukushika mlango.

Kigingi aligeuka. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, na ule ukumbi mtupu ukaileta sauti yake yote mpaka barabarani.

"Mdogo wangu, mara ile nilikutii. Nilijua nimeshinda nikakutii. Leo siondoki."

Akarudi alikotoka! Akarudi mpaka kwenye mraba, akasimama katikati, na mkono wake wa kulia akauinua nusu, namna bondia anavyouweka tayari ili mtangazaji aje kuuinua.

Tarumbeta alifumbua macho akamtazama kaka yake, kisha akamrudishia Msusi kipaza sauti.

"Baba Mdogo, unakwenda wapi?"

"Anangoja mkono. Na mkono ule ni mimi tu ninayeweza kuuinua."

Mhandisi alimzuia kifuani. "Mzee, nimesema hakuna mtu..."

"Kijana, nimechelewa miaka mingi. Usinicheleweshe zaidi."

Angemshika kwa nguvu angeweza. Hakumshika, na mpaka leo anajiuliza kwa nini. Tarumbeta alizunguka kwa nje akachechemea mpaka mlango mdogo, akaingia, akavuka sakafu huku fimbo ikigonga mbao. Kutu ikamwagika tena juu ya saa, nyingi zaidi kuliko mwanzo. Sasa wako wawili ndani, na Msusi amesimama nje na kipaza sauti cha watu wengine.

Alimuona baba yake mdogo akifika ndani ya mraba. Akamuona akishika ule mkono wenye bandeji, akiuinua juu, juu kabisa, mpaka fimbo ikamdondoka.

"Mshindi!" alipaza sauti Tarumbeta, na safari hii ikatetemeka. "Kona nyekundu! Nisamehe, kaka. Mshindi ni wewe, na ulikuwa wewe."

Ndugu wale wawili walisimama hivyo. Mteja wa nusu kichwa alilia waziwazi, akamkumbatia dereva wa tingatinga ambaye hamjui. Ningeishia hapa ningekuwa mtu mwema.

"Sasa twende, kaka," Msusi alisikia.

"Twende wapi? Huwaoni watu walivyojaa? Mimi ni mshindi. Nitatoka wakishatoka wote."

Tarumbeta aliyatazama majukwaa. Safu kwa safu ya viti vitupu, kinyesi cha njiwa, kifusi. Utawatoaje watu wasiokuwepo? Akamvuta mkono. Ungeng'oa nguzo kwanza.

Ndipo Msusi alipoelewa kazi yake. Hakufikiri sana, maana angefikiri angeshindwa. Aliinua kipaza sauti akasema taratibu, kwa sauti ya mfanyakazi wa ukumbi aliyechoka anayetaka kufunga milango.

"Mabibi na mabwana, pambano limekwisha. Asanteni kwa kuja. Tunaomba mtoke bila kusukumana. Tunaanza na majukwaa ya kulia, safu za chini."

Kigingi aligeuza uso kulia. Alikuwa anawaona! Macho yake yaliwafuata wakishuka, akapungia mmoja, akacheka na mwingine.

"Safu za kati, shukeni. Kina mama wenye watoto, watangulieni wengine. Majukwaa ya kulia asanteni."

"Wanatoka," Kigingi alimwambia ndugu yake, ameridhika. "Watu wastaarabu sana."

"Sasa majukwaa ya kushoto. Safu za chini. Safu za kati." Msusi alikuwa analia na sauti haionyeshi. Mhandisi amemshika bega, na wafanyakazi wamejipanga nyuma yao kama waliokuja kutazama pambano. "Safu za juu nanyi. Asanteni. Kwaherini. Ukumbi unafungwa."

Mzee alizungusha macho pande zote, akatikisa kichwa kukubali. Tarumbeta aliokota fimbo, akamshika kiwiko, wakatoka kwenye mraba pamoja. Hatua, na hatua nyingine, kuelekea mlango mdogo. Kutoka mbali king'ora cha zimamoto kikasikika. Msusi alishusha kipaza sauti.

Kigingi akasimama.

"Bado mmoja," alisema.

"Hakuna mtu, kaka. Wametoka wote."

"Yupo. Yule pale." Uso wake ulikuwa umeng'aa, amepungua umri. Alikuwa anatazama juu kushoto, safu ya mwisho kabisa, kiti cha chini ya saa. Hapo ndipo mkewe alipokaa kila pambano, mbali na ulingo, kanga usoni, kwa sababu hakuweza kutazama mumewe akipigwa na hakuweza kubaki nyumbani. "Huyo hashuki mpaka nimfuate. Ndivyo alivyo."

"Baba!" Msusi aliita. "Baba, hapana! Hayupo pale!"

Mzee aligeuka kumtazama binti yake, na safari hii hakumwita dada wa nywele. Alimwita kwa upole, namna mtu anavyomsahihisha mtoto.

"Mwanangu, si wewe uliyeniambia? Kila siku unaniambia. Mama ameenda kuwahi kiti chake cha chini ya saa."

Alijitoa mkononi mwa Tarumbeta, akavuka sakafu, akaanza kupanda majukwaa ya kushoto. Tarumbeta alimfuata mpaka ngazi ya kwanza, mguu ukamkatalia, akaanguka kwa magoti. Juu ya saa, boriti likatoa mlio mrefu, na nguzo ikaachia kipande cha zege kilichoteremka kikigonga kiti baada ya kiti.

"Mwambie ashuke!" Mhandisi alikuwa anapiga kelele. "Mwambie chochote!"

Amwambie nini? Amwambie mama yupo, mzee atapanda mpaka juu, atafika chini ya boriti. Amwambie ukweli, magoti yatamwisha nguvu pale pale ngazini kama siku zote, ataanguka, na hakuna wa kumwinua. Msusi alilitafuta neno la tatu. Mwaka mzima alikuwa na jibu tayari kila asubuhi, na leo hana.

Kigingi alikuwa ameshafika katikati ya ngazi, mkono wenye bandeji ameunyoosha mbele kumpa mkewe aushike.

Msusi alibonyeza kitufe. Kipaza sauti kikakwaruza kidogo kabla ya kuwaka, na mzee akausikia mkwaruzo huo. Akasimama, akageuka, akamtazama mwanawe, akangoja kuambiwa.